Shoga, sijanuna, ni kichwa

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaikum. Natumai u mzima, wewe na shemeji na watoto. Huku hatujambo. Bi Mkubwa anakusalimu sana, goti lake limetulia tangu mvua zikatike. Habari nyingine za mtaa atakupa Kibwana, maana ndiye aliyebeba barua hii, na unamjua, chai haitapoa kabla hajakumwagia zote.

Najua umeshangaa kupewa karatasi mkononi zama hizi. Nimeshika kalamu kwa sababu nina deni lako la miezi mitatu, na kwa sababu hilo ninalotaka kukueleza ndilo lililonizuia kuandika kwenye simu. Jana baada ya isha nilikaa mkekani, nikailaza simu kifudifudi, nikasikiliza sauti zako zote, moja baada ya nyingine. Zilikuwa 41. Ya mwisho unasema, "Zuhura, kama nimekukosea niambie, usininunie." Mwanaidi, hiyo imenichoma. Hujanikosea kitu. Wallahi sijanuna. Ni kichwa. Na kichwa chenyewe kinatoka kwenye ile simu uliyonipa.

Sasa umeona kwa nini nilinyamaza? Ningeanzaje kukwambia? Umecheza upatu mwaka mzima, zamu yako ikafika, na badala ya kuongeza cherehani ukanunua simu mbili pacha, ya kijani yako, ya buluu yangu, ukaniletea mpaka kibandani ukasema wakala gani anapokea wateja na simu iliyopasuka kioo. Mtu kakutendea hivyo, halafu wewe umwambie zawadi yake inakuumiza? Nikasema nitavumilia, labda macho yatazoea. Hayakuzoea.

Kinaanza nyuma ya jicho la kulia, kama mtu anakubonyeza kwa kidole gumba kwa ndani. Halafu kinahamia kisogoni. Ikifika saa nne usiku, napofunga hesabu za siku, herufi zinaanza kucheza na roho inachafuka kama niko kwenye mashua. Nalala nacho, naamka nacho kidogo, nikinywa chai kinaondoka. Usiku kinarudi.

Bila shaka unajua nilikoanzia. Kwetu kichwa kikiuma ni malaria. Nikapima, hakuna. Nikapima tena wiki ya pili, hakuna. Nikapima presha, 118 kwa 76, nesi akaniambia nina presha ya msichana. Nikaenda kwa mtaalamu wa macho, akanipa miwani ya kusomea, shilingi 65,000, na kweli maandishi ya gazeti yalikaa vizuri. Kichwa kikabaki palepale. Dawa za maumivu nilikuwa nakunywa mpaka nikaogopa, kwa sababu nilianza kuzihitaji hata siku isiyo na maumivu makali.

Kilichonifumbua macho ni jambo dogo. Mchana nikikaa barazani na simu, saa nzima, sina neno. Kibandani, kwenye kile kiza unachokijua, nusu saa tu naanza kulisikia jicho. Usiku kitandani nimeshusha mwanga hadi mwisho ili nisimwamshe Bi Mkubwa, dakika kumi zinatosha. Simu ileile, macho yaleyale. Nikajiuliza, mbona mwanga ukiwa mdogo ndiyo naumia zaidi? Miaka yote tunaambiwa mwanga mkali ndio unaoua macho!

Nikampelekea yule fundi wa barabara ya 12, yule aliyekuwa akiuza kanda zamani. Hakunicheka. Alifunga mlango wa duka, akazima taa, akashusha mwanga wa simu mpaka chini kabisa, akafungua ukurasa mweupe mtupu, akanipa kalamu. "Ipunge mbele ya kioo, upesi upesi, kama unampungia mtu aliye mbali." Nikapunga. Shoga, sikuona kalamu moja. Niliona kalamu nyingi, kila moja imesimama peke yake na nafasi katikati, kama fito za uzio. Akaichukua simu yangu ile ya zamani, yenye ufa, akafanya vilevile. Hapo nikaona kivuli kimoja tu kimevutika, laini, kama moshi. Nikarudia labda mara kumi. Uzio, moshi. Uzio, moshi.

Akanieleza. Kioo cha ile ya zamani ni LCD, kina taa yake kwa nyuma, na kwenye ile yangu ukitaka mwanga mdogo umeme wa taa unapunguzwa na taa inafifia kweli. Hizi zetu mpya ni OLED, kila kidoti kinajiwakia chenyewe, na ukikipunguzia umeme sana rangi zinaharibika. Kwa hiyo wanaipunguza kwa njia nyingine: vidoti vinawashwa na kuzimwa, vinawashwa na kuzimwa, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuikamata. Zetu, anasema, ni kama mara 240 kwa sekunde. Ukishusha mwanga, kile kipande cha kuzima kinarefuka na cha kuwaka kinafupika. Wewe unadhani unaona mwanga hafifu, kumbe unaona mwanga na giza, mwanga na giza, usiku kucha. Ndiyo maana barazani siumii, maana pale simu inajipandisha mwanga yenyewe na kuzima kunabaki kidogo. Na ile 120 iliyoandikwa kwenye boksi, uliyonisifia dukani, hiyo ni habari nyingine. Hiyo ni mara ngapi picha inabadilishwa, haikuambii taa inapepesa vipi.

Nilipotoka pale nikakumbuka bwenini. Unaikumbuka ile taa ya tyubu juu ya kitanda changu, iliyokuwa ikivuma? Kila mkikaa kujisomea usiku mimi naumwa kichwa, na matron akasema nakwepa vipindi, na wewe ukanitetea mpaka ukapewa adhabu ya kudeki. Nimemuuliza Hamisi, yule mpwa wangu anayesomea umeme. Anasema tyubu za zamani zenye balasti nzito, kile kifaa kinachoongoza umeme wa tyubu, zinafuata umeme wa gridi, na gridi yetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko taa inafifia mara mbili, kwa hiyo mwanga unapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Akanitafsiria utafiti wa Uingereza wa 1989: waliwabadilishia wafanyakazi wa ofisi balasti, wakaweka za kasi kubwa zisizopepesa, wafanyakazi hawakuambiwa ipi ni ipi, na maumivu ya kichwa na macho yakapungua kwa zaidi ya nusu. Mwanaidi, nililia. Nilikuwa na miaka kumi na saba na kila mtu alisema najisingizia, isipokuwa wewe. Leo ndiyo nimejua ulikuwa unatetea kitu cha kweli.

Basi sikutaka kukuandikia kwa dhana. Nilihamishia laini kwenye simu ya Bi Mkubwa, ile ya laki moja na nusu yenye LCD, nikafanya kazi nayo wiki mbili, kibandani na kitandani, mwanga chini vilevile. Siku 14, kichwa kiliniuma siku moja tu, ile siku tuliyomzika babu yake Mama Zai, na siku ile tulishinda juani. Nikairudia ya buluu. Usiku wa pili, saa tatu na nusu, jicho la kulia likaanza. Nikaiacha tena wiki nzima, nikairudia tena, yakawa yaleyale. Sikupenda kujitesa hivyo, ila nilitaka nikikwambia niwe na uhakika.

Nijuavyo wewe utauliza, sasa mbona Salum wetu wa hapa nyumbani aliitumia na hana neno? Kweli. Alikaa nayo siku nne, anacheza mpira wa kwenye simu mpaka usiku wa manane, kichwa kizima. Watu hawafanani. Wengi haiwafanyi kitu, wengine macho yanachoka tu, wengine ni kama mimi. Fundi anasema wateja wanaomlalamikia hivyo wapo, ila wengi wanaishia kununua miwani kama nilivyonunua mimi, wala hawaifikirii simu.

Nimejaribu pia kuinusuru, usidhani niliiacha upesi. Nimepandisha mwanga mpaka karibu na mwisho, halafu nikawasha ile sehemu ya mipangilio inayotia kiza juu ya picha bila kuigusa taa yenyewe. Imesaidia, labda nusu. Betri inaisha kabla ya alasiri, na wakala asiye na chaji ni sawa na duka lililofungwa. Nimekuza herufi. Nimeacha kuitumia gizani, nawasha balbu. Na kila baada ya kama dakika ishirini nainua macho natazama ule mwembe wa msikitini mpaka nihesabu ishirini, na kupepesa makusudi, kwa sababu ukikodolea kioo unasahau kupepesa na macho yanakauka. Hayo yote ni mazuri na nitaendelea nayo. Ila kichwa hakijaondoka, kimepungua tu, na mimi nashika simu tangu saa moja asubuhi.

Kwa hiyo ombi langu ndilo hili, na nimelizunguka ukurasa mzima: niruhusu nimpe Salum ile ya buluu, na mimi nibaki na LCD. Sitaiuza. Siwezi kuuza kitu ulichonipa. Itabaki nyumbani, na kila nikimwona nayo nitajua imetoka mkononi mwako. Lakini ukisema hapana, ikae kabatini, nitaiweka kabatini. Nataka neno lako kwanza.

Hilo langu limekwisha. Sasa lako, na hili ndilo lililoninyima usingizi jana kuliko la kwangu.

Kwenye sauti zako za mwezi uliopita, tatu au nne, unasema kichwa kinakusumbua. Unasema ni cherehani, ni umri, ni mawazo ya ada. Halafu kwenye moja nimekusikia unanong'ona, unasema umelala na mtoto ubavuni, unaangalia mitindo ya magauni, umeshusha mwanga asiamke. Moyo ulinilipuka. Simu zetu ni pacha! Usiku, gizani, mwanga chini, ndivyo nilivyokuwa nikifanya mimi.

Sikuambii ni hiyo kwa hakika. Na mama yako alikuwa na presha, kwa hiyo kabla ya kuisingizia simu kapime, tafadhali, kesho usisubiri keshokutwa. Kichwa kikija ghafla kwa nguvu usiyoijua, au ukiona ukungu, au mkono ukafa ganzi, hapo achana na habari za kalamu, nenda hospitali saa hiyohiyo. Ila vipimo vikiwa safi, fanya nilivyofanya mimi. Usiku, taa zimezimwa, mwanga chini, ukurasa mweupe, punga kalamu mbele ya kioo. Utajionea uzio. Halafu kaa na simu ya shemeji wiki moja, ile yake ya zamani, uone.

Na kama siku moja utanunua nyingine, usikubali muuzaji akutajie kamera tu. Muulize kioo ni LCD au OLED, na kama ni OLED inapepesa mara ngapi. Zipo za mara 3,840 kwa sekunde, na zipo zenye kitufe cha kuzuia kupepesa ndani ya mipangilio. Hamisi anasema wahandisi wa IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, walitoa mwongozo wa taa za LED mwaka 2015, na kwa hesabu yao, taa inayowaka na kuzima kabisa ikifika mara 3,000 kwa sekunde ndiyo hawaitarajii kudhuru. Zetu ni 240. Na hata LCD nazo si zote salama, zipo zinazopepesa, kwa hiyo nenda na kalamu yako dukani, upunge. Wakikutazama, watazame.

Kibwana anarudi Alhamisi, amesema atapita kwako tena Jumatano jioni. Mpe majibu. Au nipigie, sauti yako nimeikosa mno, na kupiga hakuhitaji kuangalia kioo.

Kinakuuma upande gani, na ni saa ngapi? Kinaanza kabla ya cherehani au baada ya kushika simu? Mchana ukiwa sokoni unakisikia? Umeshapima presha, lini, ilikuwa ngapi? Dawa unakunywa ngapi kwa siku, niambie ukweli. Na la Salum unasemaje? Na Mwanaidi, ile sauti ya tarehe 9 uliyoikata katikati, ulipoanza kusema "halafu kuna jambo la Mama Zai", ulitaka kusema nini? Nimeirudia mara tatu.

Wako daima,
Zuhura