Arifa 720 kwa Saa Moja

Mteja wetu mmoja alikuwa na skripti (programu fupi) ya Python inayopima diski ya seva kila baada ya sekunde 5. Diski ikijaa kupita asilimia 90, anapata arifa kwenye simu. Usiku mmoja ikajaa. Sekunde 5 ni arifa 12 kwa dakika, 720 kwa saa. Akavumilia kidogo, akazima sauti ya simu, akalala. Alfajiri hifadhidata nayo ikasimama, na arifa yake ikazama katikati ya zile za diski. Hilo ndilo linalotuuma: arifa zikizidi, mtu huacha kuzisoma, hata ile aliyokuwa akiihitaji.

Wengi hukimbilia kurefusha `time.sleep`, yaani muda wa skripti kupumzika kati ya vipimo, kutoka sekunde 5 hadi dakika 15. Kelele hupungua kweli, ila skripti nayo inakuwa imefumba macho kwa robo saa nzima. Sisi hutenganisha mwendo wa kupima na mwendo wa kuarifu:

```python
import time

PUMZIKO = 900
mwisho = None

while True:
    if diski_imejaa():
        sasa = time.monotonic()
        if mwisho is None or sasa - mwisho >= PUMZIKO:
            if tuma_arifa():
                mwisho = sasa
    time.sleep(5)
```

Skripti inaendelea kupima kila sekunde 5, lakini haisemi tena mpaka sekunde 900 zipite tangu arifa iliyopita, ambayo muda wake umewekwa kwenye `mwisho`. Tumetumia `time.monotonic` kwa sababu saa hiyo hairudi nyuma hata saa ya kompyuta ikirekebishwa. Na tafadhali usianze na `mwisho = 0`. Kwenye Linux saa hiyo huhesabu tangu mashine ilipowaka, kwa hiyo seva iliyowashwa dakika 3 zilizopita itameza arifa ya kwanza kabisa, na kosa hilo ni gumu kuligundua. Angalia pia kwamba `mwisho` hubadilika pale tu `tuma_arifa` inapojibu kuwa imefanikiwa. Mtandao ukikatika, skripti itajaribu tena badala ya kunyamaza robo saa ikidhani imeshasema.

Kila tatizo lipewe pumziko lake. Weka muda wa arifa ya mwisho ya kila tatizo kwenye kamusi ya Python, jina la tatizo likiwa ufunguo, ili diski isiizibe hifadhidata mdomo.

Kama skripti yako huwashwa upya na cron (programu inayoendesha kazi kwa ratiba) kila dakika, kumbukumbu hiyo hupotea kila inapozima. Hapo andika muda wa mwisho kwenye faili, na utumie `time.time`, maana hesabu ya `monotonic` haina maana tena mashine ikizimwa na kuwashwa.

Tunachokipenda zaidi ni kuarifu hali inapobadilika: arifa moja tatizo linapoanza, moja linapokwisha. Shida ni diski inayoyumba kati ya 89 na 91, ambayo itakuita kila ikivuka mstari. Weka mistari miwili basi: tatizo lianze kwenye 90, lihesabiwe limekwisha likishuka chini ya 85.

Huduma za ujumbe nazo zina vikomo vyake. Boti ya Telegram, kwa mfano, hairuhusiwi kutuma zaidi ya ujumbe 20 kwa dakika kwenye kundi moja. Ukizidisha unajibiwa kosa namba 429 pamoja na sekunde za kusubiri. Skripti izisome sekunde hizo na izitii.

Yule mteja sasa hupata arifa moja diski ikivuka 90, ukumbusho kila saa hadi ishughulikiwe, na nyingine ikishuka chini ya 85. Hifadhidata ina pumziko lake la dakika 5. Ukiwa na skripti inayokusumbua hivi, tutumie pamoja na logi ya siku moja iliyokuchosha, ukiwa umeshafuta nywila zote. Tutaanza kwa kukuuliza ni arifa zipi ungekubali zikuamshe usiku.