Kinyago chako kimetoka tanurini

Kwako rafiki yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila mikono imepauka kwa udongo na kila mwanachama ana lake la kusema kuhusu ukuta wa maonyesho. Nakuandikia kwa ajili ya kinyago chako, kile ulichokiacha rafuni kimefunikwa nailoni. Kimechomwa, kimepakwa ile glezi ya kijani uliyoichagua (ule mpako unaoyeyuka motoni ukawa kama kioo), kikarudishwa tena motoni. Kimetoka na ufa.

Usishtuke. Unaanzia kwenye nyusi ya kushoto, unashuka kando ya pua, unaishia hapo. Najua umeshaambiwa kwamba mtunza tanuri alifungua mlango mapema, maana maneno hayo yalienea karakana nzima hata kabla vyombo havijapakuliwa. Si kweli, na naomba usimwekee kinyongo. Nilikipeleka dirishani nikapitisha kucha kwenye ule ufa: kingo zake zimelainika, na glezi imeteleza ikaingia ndani. Kingekuwa kimepasuka wakati wa kupoa, kingo zingekata kidole. Basi ufa ulikuwepo kabla glezi haijayeyuka. Nadhani ulianza kwenye kukauka, pale pua nene inapokutana na shavu jembamba. Shavu lilitangulia kukauka na kusinyaa, pua ikabaki na unyevu wake. Huu udongo wetu tangu ubichi hadi kuiva hupungua karibu sehemu moja ya kumi. Usipopungua kwa pamoja, lazima utaachia mahali.

Wapo waliopata makubwa kuliko wewe. Kuna mmoja hakuchimba pua kwa nyuma, akaiacha imejaa. Maji yaliyobaki humo yakageuka mvuke, pua ikalipuka kwenye mchomo wa kwanza, na vigae vyake vikavijeruhi vinyago vilivyokuwa kando yake. (Mwenyewe sasa anadai kinyago chake kina falsafa. Tumemwacha nayo.)

Ubishi mkubwa lakini haukuwa wa nyufa. Yule mwenzetu asiyeishiwa hoja alisimama akasema kinyago kisichovalika si kinyago, ni sahani yenye macho. Tulicheka, ila hoja anayo: ukifunga kimoja cha hivi usoni, shingo italalamika kabla hujafika mlangoni. Nikamjibu kwa Wagiriki wa kale. Vinyago walivyovaa waigizaji wao vilikuwa vya vitu vyepesi kama kitani, na vyote vimeoza. Sura zake leo tunazijua kwa sehemu kubwa kupitia nakala ndogo za udongo, kama zile zilizofukuliwa makaburini katika kisiwa cha Lipari. Hakuna aliyezivaa, lakini ndizo zilizobaki. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza za Afrika ziko wapi. Nikamtajia vichwa saba vya udongo vya Lydenburg, Afrika Kusini, vya miaka kama 1,500 iliyopita. Viwili ndivyo vikubwa kiasi cha kumwingia mtu kichwani. Vile vidogo havivaliki. Tena vilipatikana vikiwa vipande, vikaunganishwa, na watu huenda makumbusho kuvitazama hivyo hivyo.

Hapo ndipo ninapofikia chako. Baadhi ya wanakamati wanataka ufa ujazwe gundi na kupakwa rangi ya kijani. Nimewazuia mpaka wewe mwenyewe useme. Rangi ya kupaka haing'ai kama glezi, na taa zetu tumeziweka ubavuni, kwa sababu taa ya mbele hupoteza pua na mashavu, kila uso ukaonekana bapa. Kwa mwanga wa ubavuni kiraka kitajitangaza chenyewe. Mimi ningeuacha ufa. Umelipatia lile jicho la kushoto namna ya kutilia shaka ambayo hukuifinyanga, na ukiniuliza, ndicho kinyago pekee pale kinachomtazama mtu badala ya kutazamwa tu.

Tatizo jingine dogo: hukutoboa matundu ya kuning'inizia. Kutoboa sasa kunawezekana kwa keekee ya almasi, lakini mtikisiko wake na huo ufa sivipatanishi. Nimekitengenezea kishikizo cha waya, kitasimama mezani, usawa wa uso wa mtu aliyesimama. Kiko imara, nimekisukuma.

Sasa nataka majibu yako: jina la kuandika kwenye kibandiko, kama kinauzwa au la, na ruhusa ya kuuacha ufa. Vibandiko vinachapwa mwisho wa wiki hii. Usiponijibu nitaandika "Hakina jina", na nakujua, hutanisamehe.

Wako wa karakana