Koti la Mzee wa Ruaha Mbuyuni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako nimezipata kwa mdogo wako, na ni yeye aliyenieleza habari za yule mzee uliyeketi naye kwenye basi, jambo ambalo ulipaswa kuniambia mwenyewe usiku ule ulipofika Dar es Salaam. Kwangu ulisema tu kwamba safari ilikuwa njema.

Nimeambiwa kwamba mlipofika Makambako ulikuwa unatetemeka kwa baridi, mzee akakumiminia chai kutoka kwenye chupa yake, ukanywa, na mlipopita Mafinga usingizi ukakuchukua hadi ukazinduka Mikumi, jasho likikutoka chini ya koti lake, naye alikwisha kushuka Ruaha Mbuyuni. Mwanangu, ulikunywaje chai ya mtu usiyemfahamu? Abiria wangapi wameleweshwa kwa juisi na biskuti za jirani wa kiti, wakaja kuamkia hospitali bila simu wala fedha? Mlima Kitonga wote, pamoja na kona zake, umeuteremka ukiwa umelala! Usingizi wa namna hiyo ndio unaonitia hofu.

Sisemi kwamba mzee ni mtu mbaya. Fedha ya ada uliikuta yote, na mtu anayeshuka bila koti lake ili asimwamshe mtoto wa mwenzake amelelewa vizuri. Niliposikia kwamba ulimwomba kondakta akusaidie kumtafuta ili umrudishie, nilifurahi sana, nikamweleza hata shangazi yako. Lakini ile chai, mwanangu. Ungepokea koti, chai ukaikataa kwa adabu.

Utasema hukuwa na sweta. Ni kweli lilibaki kwenye kamba, kwa kuwa nililifua jioni ya kuamkia safari, na mvua ya hapa Tukuyu unaijua. Chapati nazo hazikupikwa, maana kikao cha vikoba kilichelewa kwisha nami sikutaka kuondoka kabla ya hesabu. Mtu aliyetoka nyumbani saa tisa usiku bila kutia kitu tumboni, sijui angekataaje.

Koti hilo lifue, lakini usilivae. Kama mzee alishuka pale kununua vitunguu, kama wafanyavyo wengi, basi hupita njia hiyo mara kwa mara na makondakta watakuwa wanamfahamu, endelea kuwauliza.

Hapa nyumbani tumekata mikungu miwili ya ndizi, na maparachichi bado hayajakomaa. Fundi wa paa la jiko anadai mabati matatu zaidi, nami nimemwambia asubiri. Jumamosi nitakutumia mzigo kwa basi: ndizi, maharage na sweta lako, ambalo sasa limekauka. Ndani ya sweta nimefunga ile chupa ya chai ya baba yako, uangalie isivunjike unapofungua.

Mama yako