Tupimwe kabla ya kuuziwa dawa za malaria

Mhariri,

Wiki iliyopita nilipanga foleni kwenye duka la dawa hapa Kondele. Mama aliyekuwa mbele yangu alisema mwanawe anachemka tangu jana. Kabla hajamaliza kueleza, muuzaji alikuwa ameshatia vidonge vya malaria kwenye bahasha. Hakuna aliyemdunga mtoto kidole. Mtoto mwenyewe hakuwapo!

Sisi wa kando ya ziwa huita kila homa malaria, na mbu wa mashamba ya mpunga ya Ahero wametupa sababu. Lakini nimonia nayo huja na homa, na mtoto akimeza dawa isiyo yake kwa siku tatu, nimonia haimsubiri. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Kipimo cha haraka ni tone la damu na kungoja dakika 15 hadi 20, muda tunaoupoteza kila asubuhi matatu ikijaa. Kina kasoro zake: aliyetibiwa juzi anaweza kuonyesha mstari wa kuwa na malaria kwa wiki kadhaa ingawa amepona, kwa hiyo hadubini ya maabara bado inahitajika.

Mwalimu akigawa alama bila kusahihisha karatasi, wazazi tungejaa shuleni. Kaunti ihakikishe maduka ya dawa yana vipimo na watu waliofunzwa kuvitumia, tena kwa bei nafuu. Kwa sasa mwenye shilingi mia mbili atachagua vidonge, nami simlaumu.

Mzazi,
Kondele, Kisumu