Televisheni isifungwe mbele ya benchi letu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyependekeza hivi karibuni kwamba kila sehemu ya kusubiri katika hospitali zetu ifungwe televisheni kubwa, ili ndugu wa wagonjwa wasichoke kukaa bure. Nia yake naiheshimu. Hata hivyo, mimi ni mmoja wa hao ndugu anaowahurumia, na huu ni mwaka wa pili ninampeleka mama yangu kusafishwa damu katika hospitali moja jijini Dar es Salaam, kwa hiyo neno hilo "bure" limenikaa vibaya.

Kwa wasiolijua jambo hili, mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi huunganishwa na mashine kwa muda wa saa 4 hivi, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, damu ikitoka mwilini kidogo kidogo, ikapita kwenye kichujio na kurudi. Mashine haiharakishwi, kwa sababu maji yaliyojikusanya mwilini yakitolewa kwa pupa presha hushuka na misuli hukakamaa. Sisi ndugu hukaa nje. Nimepiga hesabu nikaona kwamba kwa majuma 52 hizo ni saa 624, yaani siku 26 kamili za kila mwaka, mchana na usiku, nikiwa kwenye benchi la mbao nikiutazama mlango mmoja.

Miezi ya mwanzo nilizichukia saa hizo. Nilikuja na simu iliyojaa chaji, nikaondoka ikiwa imezimika, na nikiulizwa nyumbani nilichokisoma au kukitazama sikuwa na jibu. Aliyenibadilisha ni bibi mmoja wa Mbagala, aliyekuwa akimsubiri mumewe. Asubuhi moja uzi wa tasbihi yake ulikatika, punje zikatawanyika sakafuni hadi chini ya kabati la mafaili. Tulipiga magoti sote kuzitafuta, mimi Mkatoliki, kijana aliyekuwa akisikiliza muziki kwenye simu yake, hata mlinzi aliyeweka kirungu chake kando, tukaokota punje 32. Ya 33 haikuonekana. Bibi alizitunga upya kwa uzi wa kushonea aliopewa na muuguzi, akarudi kwenye dhikri zake, na kila alipofika mwisho wa uzi aligusa ukucha wa kidole gumba, akauhesabu kuwa ndiyo punje iliyopotea. Nilipomuuliza kama hachoki, alinijibu bila kuinua macho: "Mwanangu, mwenye kukaa akiingojea swala, huyo yumo ndani ya swala. Ndivyo alivyotufundisha Mtume." Nilizima simu, na siku hizi siiwashi mpaka mama atoke.

Lugha yetu yenyewe imeligusa jambo hili, ingawa huwa hatuna muda wa kulitazama. Tunasema kungoja, na tunasema kusubiri, tukiyabadilisha maneno hayo kama sarafu za thamani moja. Lakini la pili, tulilolipata kutoka Kiarabu, limebeba subira ndani yake, na mtu anaweza kungoja saa nzima akiwa amefura hasira bila kusubiri hata dakika moja. Nakiri kwamba Zaburi ya 130 inanipinga kidogo hapa, maana katika Biblia ya Kiswahili imechagua lile neno la kwanza: nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi. Nimeisikia zaburi hiyo kwenye misa nyingi za mazishi bila kujiuliza kwa nini ametajwa mlinzi. Mlinzi hawezi kuivuta asubuhi ije upesi, naye hana ruhusa ya kulala kwa kuwa inachelewa. Kazi yake ni kukaa macho tu.

Mama hupimiwa maji ya kunywa kwa siku, na kiu ndiyo mateso anayoyalalamikia kuliko sindano. Zamani nilikuwa na mazoea ya kununua chupa ya maji baridi nje ya geti kabla ya kuketi. Siku moja ya joto nilijikuta nimeishika mkononi saa zote 4 bila kuifungua, hadi ikawa ya vuguvugu. Sikuwa nimefunga wala sikuwa nimeweka nadhiri, ila katika maisha yangu sikumbuki sala nyingine niliyoisali kwa mwili mzima namna ile.

Nisieleweke vibaya, Ndugu Mhariri. Sisemi kwamba kila ucheleweshaji ni baraka. Siku moja tulikaa kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana mashine ikiwa mbovu, wahusika wakijua na wasituambie, na tulipouliza tukajibiwa kwamba tuwe na subira, Mungu ni mwema. Mungu ni mwema kweli, lakini hakuombwa kuwa kisingizio. Subira ni sadaka ya anayesubiri, naye huitoa mwenyewe kwa hiari; mwenye ofisi hana haki ya kuidai kama ada ya huduma. Saa 4 za mashine zinatokana na mwili wa binadamu ulivyo, nami nazipokea. Saa 6 za siku ile zilitokana na uzembe, nazo nazilalamikia hadi leo.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kama zipo fedha za kununua televisheni, zinunuliwe kwanza mabenchi yenye egemeo, kwani wengi tunaokaa pale ni watu wazima wenye migongo mibovu, na liwekwe bango la kutuambia kila asubuhi ni mashine ngapi zinafanya kazi. Televisheni, ikibidi, ifungwe kwenye dirisha la malipo, ambako watu wanagombana tayari na kelele kidogo haitawazidishia. Mbele ya mlango ule mwingine tunaomba tuachiwe kimya chetu.

Ni mimi msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam