Salamu za Krismasi kwa Watu wa Webuye Tulio Nairobi

Mulembe nyote. Heri ya Krismasi kwenu mlioko Kangemi na Kawangware, kwenu mlioko Mukuru mnaotembea alfajiri kwenda Industrial Area, kwenu wa Umoja, Githurai na Ngong. Heri kwa walioanza kufunga mizigo. Heri zaidi kwa wale ambao zamu za ulinzi, za hospitali na za hoteli haziwaruhusu kutoka Nairobi wiki hii. Salamu hizi ni zenu pia, hata kama nitazungumza sana juu ya kwenda nyumbani.

Kila Desemba inaposomwa kanisani habari ya kuzaliwa kwa Yesu, sikio langu hushikwa na jambo ambalo Luka analitaja mapema, kabla ya hori na kabla ya malaika. Amri ilitoka kwamba watu waandikwe, na kila mtu akaenda mjini kwao. Yusufu alikuwa fundi. Alitoka Nazareti na mchumba wake mjamzito, akapanda mpaka Bethlehemu, kwa sababu jina lake lilitakiwa huko kwenye mji wa ukoo wake. Sisi wa Webuye, mji wa Bungoma magharibi mwa Kenya, tuna sababu ya kulisikiliza jambo hilo kwa makini. Mji wetu ulitengeneza karatasi ambazo watoto wa nchi hii waliandikia, na majina ya waliozitengeneza hayajaandikwa mahali popote ambapo mwanao anaweza kuyasoma.

Nawaandikia hasa nyinyi vijana mliozaliwa huku, mnaoijua Webuye kwa kuku wa kienyeji wa Desemba na kwa yale maporomoko ya Nabuyole mnayopigia picha. Mji huo una umri na una habari. Juu yake kuna kilima cha Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu waliokuwa ndani ya ngome walipambana na msafara wa Waingereza ulioongozwa na Charles Hobley, watu wa mikuki na ngao mbele ya bunduki za rashasha. Wakati wa ukoloni mji uliitwa Broderick Falls, kwa ajili ya maporomoko hayohayo ya mto Nzoia. Ulikuwa kituo cha reli ya kwenda Uganda, na maduka machache kando ya njia. Jina la Webuye lilirudi baada ya uhuru.

Kisha kikaja kiwanda. Kampuni ya Pan African Paper Mills iliundwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ubia wa serikali ya Kenya, kampuni ya karatasi ya kundi la Birla kutoka India, na shirika la fedha lililo chini ya Benki ya Dunia. Uzalishaji ulianza mwaka 1974. Hawakuchagua Webuye kwa bahati. Kutengeneza karatasi kunataka maji mengi mno, na Nzoia ulikuwa hapo. Kunataka miti, na serikali ilikuwa ikipanda misonobari na misaiprasi upande wa Turbo kwa ajili ya kazi hiyo. Kunataka njia ya kusafirisha, na reli na barabara ya Malaba zote zilipita mlangoni.

Muulize mzee yeyote aliyefanya kazi pale akueleze karatasi inavyozaliwa, na utaona mgongo wake ukinyooka. Magogo yanamenywa magome, yanakatwakatwa kuwa vipande vidogo, vipande vinapikwa kwa dawa ndani ya mitungi mikubwa ya chuma mpaka nyuzi za mti ziachane. Uji huo unaoshwa, unang'arishwa kama unataka karatasi nyeupe, unamwagwa mwembamba juu ya wavu unaokimbia, maji yanachujika, unabanwa, unapitishwa juu ya mapipa ya moto, na mwisho wake unatoka ukiwa mkavu, umejiviringisha kuwa roli. Mashine ya namna hiyo haizimwi jioni watu wakalale. Inafanya kazi mchana na usiku, kwa hiyo mji mzima uliishi kwa shifti. Saa nne za usiku kulikuwa na watu wanaotoka na watu wanaoingia, na kwa sababu yao kulikuwa na mama anayekaanga mandazi, mwenye baiskeli anayengoja abiria, na mwenye duka ambaye hajafunga.

Waliofanya kazi hiyo walitoka kila upande. Wabukusu na Watachoni walikuwa kwao. Walikuja Wamaragoli, Waluo, Wateso, Wakalenjin, Wakisii, Wakikuyu, na mafundi kutoka India na familia zao. Watoto wao walisoma pamoja na kucheza mpira pamoja, na timu ya Pan Paper ilipokuwa kwenye ligi kuu, hakuna aliyeuliza mchezaji anasali wapi. Mimi huamini kwamba ujirani huo ndio uliokuwa zao kubwa la Webuye, kuliko roli za karatasi. Mtu aliyefika na sanduku moja alipata mwenye nyumba, kisha jirani wa kumlelea mtoto akiwa shifti ya usiku, kisha watu wa kumzika mzazi wake mbali na kwao. Krismasi ya mji ilikuwa yao wote. Sahani zilivuka ua, chapati za nyumba moja zikaliwa pamoja na kuku wa nyumba nyingine, na waliokuwa kazini siku hiyo walitengewa chakula chao kabla ya wageni kupakuliwa.

Sitaki mtu adhani nayasifia yote. Kulikuwa na ile harufu. Miti ikipikwa kwa dawa zenye salfa hutoa harufu ya mayai yaliyooza, na abiria wa basi la usiku walijua wamefika Webuye wakiwa wamefumba macho. Mabati ya nyumba yalilika kabla ya wakati wake. Watu walikohoa, na waliokuwa chini ya mto waliyalalamikia maji. Mshahara na moshi vilitoka kwenye bomba moja, na wazazi wetu walilijua hilo vizuri kuliko sisi tunaolisema leo. Miti nayo ina habari yake: mwaka 1999 serikali ilipozuia ukataji katika misitu ya umma, kiwanda chetu kilikuwa miongoni mwa vichache vilivyoruhusiwa kuendelea kukata. Anayeipenda Webuye aseme na hayo.

Kuanguka kwake mnakujua. Mafuta na umeme vilipanda bei, karatasi za nje zikaingia kwa wingi baada ya soko kufunguliwa, madeni yakajaa, na mwanzoni mwa mwaka 2009 mashine zikasimama. Zilijaribiwa kuwashwa tena, hazikudumu. Mwaka 2016 mali yote iliuzwa kwa familia ya Rai kwa shilingi milioni 900, na kazi ikaanza upya kwa jina la Rai Paper, kwa kiasi kidogo na kwa watu wachache kuliko zamani. Nawatakia heri walio pale sasa. Lakini mji uliokuwa ukiishi kwa shifti tatu haukurudi.

Ninayotaka tukae nayo msimu huu ni yale yaliyowapata watu. Vyumba vya kupanga vilibaki vitupu, na mwenye nyumba aliyekuwa akimsomesha mwanawe kwa kodi akakosa kodi na karo kwa pamoja. Waliokuwa na shamba walirudi kwenye mahindi na miwa. Wasiokuwa na shamba waliondoka. Wapo waliozeeka wakifuatilia malipo yao. Na wengi, mnajua wenyewe, walipanda basi la Nairobi. Fundi wa boila akawa fundi wa boila kwenye kiwanda cha watu huku Industrial Area. Aliyechomelea mabomba ya kiwanda akaanza kuchomelea mageti Kariobangi. Waliotutangulia walitupokea kwenye chumba kimoja, tukalala sebuleni kwa zamu, mpaka kila mtu akapata pa kuweka kichwa. Ule ujirani wa nyumba za kiwanda ulipanda basi pamoja nasi. Ndio unaotukusanya mpaka leo mtu wetu anapofiwa, au mtoto anapoitwa kidato cha kwanza, au mgonjwa anapolala hospitali ya Kenyatta na ndugu zake wako mbali.

Basi ombi langu la sikukuu ni hili. Unapokwenda nyumbani, pamoja na sukari, unga wa ngano na kitambaa cha kukhu, yaani bibi, beba daftari. Daftari tupu la kurasa mia moja. Mkalishe mzee wako chini ya mwembe baada ya chakula, mpe heshima yake, mwambie, "Kuka," yaani babu, "nisimulie kazi." Andika alitoka wapi na alifika mwaka gani. Andika aliwekwa idara ipi, magogo, mapishi, mashine, boila, maabara au ghala, na nani aliyemfundisha. Andika jina la mwenzake aliyeumia kazini. Usiwaruke kina mama: muulize aliyeuza chakula getini alianza na mtaji gani na aliwakopesha nani, maana daftari lake la madeni lilikuwa na majina mengi kuliko la ofisi yoyote. Ukiwa na jamaa upande wa Turbo waliopanda miche ya misonobari, waandike hao pia. Andika kwa lugha anayosimulia mzee, Kibukusu, Kitachoni au Kiswahili, usimsahihishe. Akinyamaza mahali, ngoja. Akilia, funga daftari umshike mkono, mtaendelea kesho.

Naona haja ya kuharakisha. Kijana wa miaka ishirini aliyeanza na mashine mwaka 1974 amepita sabini sasa, na kila Desemba tunakuta kaburi jipya ambapo mwaka uliopita tulikuta kiti.

Mkirudi Januari, tukutane, kila mtu na daftari lake. Tutayasoma kwa sauti, tuone majina yanayojirudia. Nina hakika tutagundua kwamba baba wa fulani ndiye aliyemfundisha kazi baba wa fulani, na watoto wao wamekuwa wakisalimiana Kangemi miaka yote bila kujua. Nakala nyingine tutaipeleka nyumbani, tuombe shule za Webuye ziiweke mahali watoto wanapoweza kuifikia.

Kwa mnaosafiri: kateni tikiti mapema, nauli za kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus hazimhurumii mtu tarehe 23. Msimruhusu dereva aliyechoka aendelee kwa sababu mna haraka ya kufika. Barabara ya Salgaa na ile ya Burnt Forest zimetunyang'anya watu wa kutosha. Mkifika, muwe na kiasi kwenye pombe, na tembeleeni nyumba zenye msiba kabla ya nyumba zenye sherehe. Wasalimieni Muchi, Maraka, Matulo, Chetambe na Lugulu.

Kwa tunaobaki: siku ya Krismasi baada ya ibada, njooni tule pamoja. Anayetoka zamu asubuhi aje kama alivyo, chakula chake kitakuwa kimetengwa. Nitakuwa na daftari pia, kwa ajili ya wazee wetu walioko huku.

Mungu awafikishe salama, muwakute wazazi wenu wakiwa na afya. Heri ya Krismasi na mwaka mpya. Mulembe.