Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi Yetu Mbele ya Mabunge ya Kaunti, 2024/2025

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha wafanyabiashara wa Pwani,

Habari za semina, maonyesho na wanachama wapya zimo katika ripoti ya katibu, ambayo mmegawiwa mlangoni. Sitazirudia. Muda mlionipa nitautumia kwa jambo lililoichukua zaidi kamati yenu ya utendaji mwaka huu: sheria za ada na ushuru zinazotungwa katika kaunti zetu sita za Pwani, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Ndilo lililowaleta wengi wenu ofisini na risiti mkononi. Tena ndilo jambo ambalo, nikiangalia mwaka ulivyokwenda, naona tumelipatia njia.

Septemba 2024 tulihudhuria kikao cha maoni ya umma kuhusu Mswada wa Fedha wa kaunti mojawapo. Sitaitaja kwa kuwa mazungumzo nayo bado yanaendelea. Mnajua jinsi leseni ya biashara inavyopangwa: jedwali la mswada hugawa biashara kwa madaraja, na daraja hutegemea idadi ya wafanyakazi na ukubwa wa nafasi kwa mita za mraba. Safari hii rasimu ilihesabu na uwanja wa wazi. Mwenzetu mmoja ana yadi ya mbao, boriti na makuti. Wafanyakazi wake ni wachache, lakini uwanja ni mkubwa, kwa sababu mbao hazipangwi kabatini. Kwa hesabu ile mpya alikuwa anapandishwa daraja la supamaketi.

Kila mtu alipewa dakika tatu. Wengi tulizungumzia hali ngumu ya uchumi, na wanakamati wakaandika. Mzee yule alipoitwa, alifungua karatasi aliyoichora kwa mkono: kibanda chenye paa upande mmoja na uwanja wa wazi upande wa pili, vipimo vimeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu. Juu yake alikuwa amebandika leseni ya mwaka uliopita na ukurasa wa jedwali jipya. Mwenyekiti wa kamati akamwomba karatasi, akaitazama, akauliza, "Paa linaishia wapi?" Akaonyeshwa kwa kidole. Ripoti ya kamati ilipotoka, ilikuwa na pendekezo la kwamba nafasi isiyo na paa isihesabiwe katika kupanga daraja la leseni, na bunge likalipitisha. Wenye gereji, wauza mchanga na kokoto, na wenye vitalu vya miche wamefaidika pia, ingawa wengi wao hawakuwepo ukumbini.

Siku hiyohiyo tulikataliwa ombi lililokuwa kubwa zaidi. Tulitaka ada ya kibao chenye jina la duka, kilichobandikwa kwenye ukuta wa duka lenyewe, iondolewe. Mtu aliyekwisha kulipia leseni ya duka hapaswi kutozwa tena kwa kulitaja. Hoja yetu ilisikilizwa kwa heshima na hakuna mjumbe aliyeipinga. Hata hivyo haikupita, na nataka tuelewane vizuri kwa nini haikupita.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka ifikapo Septemba 1, Waraka wa Mkakati wa Fedha, unaoonyesha kaunti inatarajia kukusanya na kutumia kiasi gani, ifikapo Februari 28, na makadirio ya bajeti ifikapo Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mswada wa Fedha, ule wenye ada za leseni, maegesho, masoko, mabango na ushuru wa mazao, huja nyuma ya hayo yote: bunge la kaunti lina siku 90 baada ya kupitisha mswada wa kugawa fedha za bajeti kuujadili na kuupitisha. Ndipo tangazo hutoka gazetini, na ndipo simu za ofisi yetu huanza kulia.

Sasa tazameni kilichokwisha kufanyika kufikia siku hiyo. Kaunti imeshaandika katika bajeti kwamba itapata kiasi fulani kutokana na leseni na kiasi fulani kutokana na mabango. Fedha hizo, hata kabla hazijakusanywa, zimeshagawiwa barabara ya wadi hii, zahanati ya wadi ile, na basari za wanafunzi. Mwakilishi wa wadi anayekusikiliza Agosti au Septemba anajua kwamba shilingi atakayokuondolea wewe itabidi aitoe kwenye kitu alichowaahidi watu wake. Anaweza kukubaliana nawe kabisa na bado akapiga kura ya kukataa. Marekebisho ya yadi yalipita kwa sababu uwanja wa wazi haukuwa umehesabiwa katika mapato yaliyotarajiwa, kwa hiyo halikuachwa pengo la kuziba. Kibao cha duka kilikuwa tayari kimo ndani ya bajeti.

Kwa hiyo kamati iliamua kazi kubwa ihamie Februari. Mapema mwaka huu tulipeleka maoni ya maandishi kuhusu Waraka wa Mkakati wa Fedha katika kaunti zote sita. Hatukuomba ada fulani ishushwe. Tuliomba makadirio ya mapato ya leseni yakue kwa kuandikisha biashara ambazo hazijawahi kulipa, badala ya kuwapandishia viwango wale ambao jina lao limo tayari kwenye daftari. Tuliomba pia kila ukurasa wa makadirio uonyeshe kilichokusanywa kweli mwaka uliotangulia kando ya kile kinachotarajiwa, ili lengo lisilofikiwa lisigeuzwe kuwa sababu ya kupandisha ada. Baadhi ya kamati za bajeti zilituita tueleze zaidi, na tulikaa na maofisa wa hazina ya kaunti mezani, karatasi kwa karatasi, jambo ambalo haliwezekani katika dakika tatu za ukumbini. Kwingine barua yetu ilipokewa, ikagongwa muhuri, na tangu hapo hatujasikia neno.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 137, imeunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi katika kila kaunti, ambamo gavana na mawaziri wake hukaa na wawakilishi wa wasio wa serikali, wafanyabiashara wakiwemo. Hicho ni kiti chetu kisheria. Naomba tukitumie kwa ukali zaidi. Palipo na jukwaa linaloitwa mara moja kwa mwaka ili watu watie sahihi daftari la mahudhurio, mjumbe wetu ana agizo la kudai nyaraka zitumwe kabla ya kikao, na zisipotumwa alieleze hilo kwa maandishi.

Jambo la lugha limenigusa sana. Miswada hii huja kwa Kiingereza cha kisheria, nayo inamhusu muuza samaki wa Malindi na fundi cherehani wa Voi. Katiba, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kamati ndogo ya sheria iliyaandika majedwali ya ada kwa Kiswahili chepesi na kuyasambaza Kongowea, Ukunda, Malindi na Voi. Katika vikao vya mwaka huu nimewaona akina mama wa sokoni wakisimama na kutaja namba ya kipengele wanachokipinga. Mjumbe wa kamati hulazimika kufungua ukurasa huo. Naomba bajeti ya kazi hii iongezwe, na mweka hazina anajua kwamba sitachoka kuiomba.

Kuhusu ushuru wa mazao, ile sesi, hatujafika tulikotaka. Mwanachama wetu mmoja anayesafirisha maembe na nazi alituletea risiti mbili zilizobanwa pamoja kwa pini: shehena moja, siku moja, vizuizi viwili vya kaunti mbili, na bidhaa ileile imelipiwa kila mahali. Risiti ya pili haikuonyesha huduma yoyote aliyopewa. Ibara ya 209 ya Katiba inaruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi, kodi ya burudani, na kodi nyingine iliyoidhinishwa na sheria ya Bunge, pamoja na malipo ya huduma inazotoa. Fungu la 5 la ibara hiyo linazuia mamlaka hayo yasitumiwe kwa namna inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, au usafirishaji wa bidhaa na huduma nchini. Tuliandika pendekezo moja, kwa maneno yaleyale, kwa mabunge yote sita: risiti ya sesi iliyokatwa yatokapo mazao itambuliwe na kila kaunti ya Pwani ambako lori litapita.

Jibu tulilopata faraghani ni la hofu. Kila kaunti inadhani itapoteza na jirani yake atapata. Njia pekee ya kuiondoa hofu hiyo ni takwimu, na takwimu hizo ziko kwenu. Kila mwenye lori anayerusha risiti dirishani akishavuka kizuizi anatupa ushahidi wetu.

Mwishoni mwa 2024 nchi ilipata Sheria ya Kitaifa ya Ukadiriaji wa Kodi ya Ardhi, iliyochukua nafasi ya sheria za zamani zilizoongoza kodi hiyo. Kaunti zitatakiwa kuandaa upya madaftari ya thamani ya ardhi, na kazi hiyo itagusa Pwani kwa namna ambayo haitagusa Nyeri wala Kericho. Kwetu yapo maelfu ya majengo ya nyumba bila ardhi: kiwanja ni cha mmoja, nyumba ni ya mwingine, na duka la barazani limekodiwa na wa tatu. Thamani ya ardhi ikipandishwa kwenye daftari, mwenye kiwanja ataongeza kodi ya kiwanja, mwenye nyumba ataongeza kodi ya chumba, na mwenye duka ndiye atakayelipa yote akiwa hana jina popote kwenye daftari, wala nafasi ya kupinga makadirio ambayo hakuarifiwa. Tumeanza kuzungumza na mawakili na wapimaji ardhi walio wanachama wetu ili tuwe na andiko kabla madaftari hayajachapishwa. Naliona hili kuwa kubwa kuliko leseni zote, na nawasihi wanachama wa Mji wa Kale, Majengo na Likoni walichukulie hivyo.

Wapo wanaouliza kwa nini hatuendi mahakamani. Mwezi Aprili 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2017. Hukumu hiyo ni ngao ya kila mfanyabiashara nchini, na kila barua tunayoandika huitaja. Lakini tuitazame na miaka iliyopita kati ya sheria na rufani. Tulio Mombasa tunakumbuka pia agizo la 2019 la kupeleka makontena ya mizigo Nairobi kwa reli. Novemba 2020 Mahakama Kuu ilisema lilitolewa bila kushirikisha umma. Shughuli za kutoa mizigo zilitangazwa kurudi bandarini kwetu Septemba 2022, rais mpya alipoapishwa. Muda wote huo magereji ya Miritini na mahoteli ya madereva ya Mariakani yalikuwa yanafungwa milango. Mahakama tutaiendea pale ambapo hatukusikilizwa kabisa, na kamati inaomba idhini yenu ya kutenga akiba kwa ajili hiyo. Kwa ada iliyopanda kidogo lakini kwa utaratibu uliofuatwa, nashauri tubaki mezani.

Nizungumzie na mwenendo wetu. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na wanasiasa wameanza kutualika chakula. Kamati imepitisha kanuni ambazo naomba mkutano huu uzithibitishe: hakuna anayekutana na mwakilishi wa wadi kwa jina la chama akiwa peke yake, kila tunachoomba kinaandikwa na nakala inabaki ofisini, wazi kwa mwanachama yeyote, na hatutoi pesa wala zawadi kwa mtu yeyote anayepiga kura juu ya mswada. Niliambiwa na rafiki mwenye nia njema kwamba kwa kanuni hizi tutakuwa tunasubiri foleni. Na tusubiri. Ada iliyopunguzwa kwa bahasha hurudishwa na bahasha nene zaidi, na safari hiyo hatutakuwa na mdomo wa kulalamika. Mwanachama anayegombea cheo au kumfanyia mtu kampeni ana haki yake, ila atajiuzulu kwanza katika kamati.

Miswada ya Fedha ya mwaka huu iko njiani. Waliochaguliwa kuzungumza kwa niaba ya kila sekta wanakutana na kamati ndogo ya sheria Jumamosi ijayo ofisini, saa tatu asubuhi, na kila mmoja aje na leseni yake ya mwaka jana, risiti zake za sesi na za maegesho, na vipimo vya nafasi yake. Nyaraka za maandalizi ya Februari zitaanza kukusanywa Oktoba.

Baada yangu mweka hazina atasoma hesabu zilizokaguliwa, kisha tutajadili kanuni za mwenendo na ombi la akiba ya kesi. Asanteni kwa imani yenu.